Paketi haijui njia: kwa nini faili la mteja aliyesimama mbele yangu lilitaka kupita baharini

Jumatatu tarehe 13 Mei 2024 asubuhi nilikuwa steshenari pale Mwenge, Dar es Salaam, foleni ya watu wanne wanataka kuprinti. Wa kwanza kijana ana barua yake ya maombi ya kazi iko kwenye simu, akaituma kwenye WhatsApp ya dukani kama wanavyofanya wateja wote, tukakaa kusubiri. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tano, kale kaduara kanazunguka tu.

"Kaka nishatuma, mbona haiji?"

"Vumilia mdogo wangu, mtandao tangu jana haueleweki."

Simu yake na kompyuta yangu vilikuwa vimetenganishwa na meza tu, haifiki hata mita moja. Na wakati huohuo printa, ambayo iko kona ya pili na haina waya wowote na kompyuta, inapokea kazi kwa waifai tu, ilikuwa inatoa karatasi za mteja aliyekuja na flashi bila tatizo lolote. Kijana akaitazama alafu akaniuliza, sasa kama mtandao hamna hiyo printa inapokeaje?

Swali zuri sana, na siku ile sikulijibu sawasawa kwa sababu ya foleni, ndo nalijibu hapa. Ukilielewa hilo moja umeelewa karibu kila kitu kuhusu jinsi data inavyotembea, kuanzia ndani ya chumba hadi upande wa pili wa dunia.

Tuanze na paketi yenyewe. Faili haliendi zima zima. Barua ya yule kijana ilikuwa PDF ya KB 600 hivi, simu inaikata vipande kwa sababu mtandao wa kawaida unabeba kipande kisichozidi baiti 1,500 kwa mara moja, na humo ndani baiti 40 zinaliwa na maelezo ya juu, yaani inatoka wapi, inaenda wapi, ni kipande cha ngapi, kwaiyo unabaki na 1,460 za mzigo wenyewe na barua ya kurasa mbili inageuka kuwa paketi 400 na kitu. Kila paketi inasafiri kivyake. Hamna kamba inayozifunga pamoja, ya 17 inaweza kupita huku na ya 18 ikapita kule, ya 30 ikatangulia kufika kabla ya ya 29, na nyingine ikapotea njiani isionekane tena. Wazo hili lilikuja miaka ya 1960 kwa watu wawili ambao kila mmoja alikuwa anafikiria kivyake, Paul Baran kule Marekani na Donald Davies kule Uingereza, na Davies ndo aliyechagua hilo neno paketi. Simu za mezani za wakati ule zilikuwa zinashikilia laini nzima kwa ajili ya watu wawili hata kama wamenyamaza, wao wakasema hapana, laini moja itumike na wote, kila mtu atupie vipande vyake vikiwa na adresi juu.

Sasa turudi dukani. Pale kuna ruta ndogo ya kawaida, zile nyeupe zenye antena mbili, na yenyewe adresi yake ya ndani ni 192.168.1.1. Kompyuta ni 192.168.1.10, printa ni 192.168.1.20. Hizo zinaitwa adresi za IP. Lakini kila kifaa kina adresi nyingine pia, ya MAC, ambayo inatoka kiwandani, herufi na namba 12. Watu wengi wanachanganyikiwa hapa, kwa nini adresi mbili? Subiri, utaona kila moja ina kazi yake.

Nikibonyeza printi, kitu cha kwanza kompyuta inachojiuliza ni kimoja tu: huyu ninayempelekea ni wa humu ndani au wa nje? Inajua kwa kuangalia ile namba nyingine ambayo huwa mnaiona kwenye setingi na kuipita, 255.255.255.0. Maana yake ni kwamba namba tatu za mwanzo zikifanana basi ni jirani. 192.168.1 na 192.168.1 zinafanana, kwaiyo printa ni wa humu humu. Basi kompyuta inapiga kelele kwa wote waliopo kwenye mtandao ule, nani ana 192.168.1.20, amwambie 192.168.1.10. Sisemi kwa mfano, ukiweka programu ya kuchungulia paketi utaisoma hiyo sentensi karibu neno kwa neno. Vifaa vyote vinasikia, vyote vinanyamaza isipokuwa printa, ambayo inajibu ni mimi na MAC yangu ni hii. Kompyuta inaiandika pembeni ili isiulize kila mara, alafu inatuma. Ukitaka kuona hayo maandishi ya pembeni fungua ile skrini nyeusi ya komandi andika arp -a, utakuta orodha, IP upande mmoja na MAC upande wa pili.

Kati yao kuna swichi. Kile kiboksi mnachokiita ruta ndani yake kuna vitu vitatu, ruta yenyewe, swichi, na redio ya waifai, vimebanwa kwenye plastiki moja. Swichi haisomi IP kabisa, yenyewe inaangalia MAC tu, na inajifunza kwa kutazama: paketi ikiingia kupitia poti ya 2, yaani tundu la waya la pili, imetoka kwa MAC fulani, inakumbuka kwamba huyo yuko poti ya 2. Ikija paketi ya kwenda kwa mtu isiyomjua inaitoa poti zote, mwenyewe atajitokeza. Hakuna aliyeipa ramani, imejifunza kwa kukaa pale na kuangalia wanaopita.

Kwaiyo jibu la yule kijana ndo hili. Paketi za printa hazikutoka dukani. Zilienda kwenye kiboksi ukutani zikarudi, mita tatu kwenda mita tatu kurudi, na hata ningechomoa waya wa faiba unaotoka nje printa ingeendelea kufanya kazi vilevile. Ndo maana pia ile alama ya waifai kwenye simu inaweza kuwa imejaa kabisa na bado usifungue kitu, alama ile inakwambia simu na kiboksi vinasikilizana, mengine haiyajui.

Ngoja niwape kisa kimoja kabla hatujatoka nje, maana mtandao wa ndani nao una mambo yake. Kuna shule moja waliniita, kila asubuhi nusu ya kompyuta za ofisini zina intaneti na nusu hazina, na zisizo nayo zinabadilika kila siku, leo ya mhasibu kesho ya mwalimu wa taaluma. Wameshabadilisha nyaya, wameshagombana na wanaowauzia huduma, wameshaweka kompyuta mpya. Nikakaa kwenye mojawapo ya zile mbovu nikaangalia adresi yake, nikakuta geti lake, yaani ruta inayoitegemea kutokea nje, ni 192.168.0.1 wakati ruta ya shule ni 192.168.1.1. Nani huyu wa 0.1? Nikazunguka nikafuata waya mmoja mmoja, hadi chumba cha walimu, chini ya meza nyuma ya mabegi, kuna ruta ya pili mtu kaileta kutoka nyumbani ili waifai ishike vizuri chumba kile, kaichomeka kwenye poti ya ndani badala ya ile ya nje. Kompyuta ikiwashwa asubuhi inaomba adresi kwa kupiga kelele, na anayejibu kwanza ndo anayesikilizwa, hiyo kazi ya kugawa adresi inaitwa DHCP. Ruta zote mbili zilikuwa zinajibu. Aliyejibiwa na ruta ya shule anaenda nje, aliyejibiwa na ya chini ya meza anapewa geti ambalo halina njia ya kutoka. Niliichomoa, tatizo la miezi miwili likaisha hapohapo. Mwenye ruta hakuwa na nia mbaya, alitaka waifai tu. Kinachonisikitisha ni hela zilizotumika kununua kompyuta mpya wakati jibu lilikuwa kwenye namba moja ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma kwenye setingi.

Haya, tutoke nje. Barua ya WhatsApp haina jirani wa kumpelekea, seva za Meta, yaani kompyuta kubwa za kampuni yenye WhatsApp, haziko Mwenge, vituo vyao vikubwa viko Marekani na Ulaya, kama Luleå kule Sweden na Odense kule Denmark. Kifaa kikiona adresi siyo ya humu ndani hakihangaiki kutafuta, kinampa geti, yaani ruta. Na hapa ndo utaona kwa nini kuna adresi mbili. Paketi inayoondoka ina IP ya seva ya mbali kama mwisho wa safari, lakini MAC iliyoandikwa ni ya ruta ya pembeni yako. Ruta ikipokea inafuta ile MAC inaandika ya ruta inayofuata, nayo ikifika inafuta inaandika ya mbele yake, hivyohivyo hadi mwisho. Ni kama mzigo unaotoka Kariakoo kwenda Sumbawanga ukabadilisha basi Mbeya, jina la mpokeaji juu ya boksi ni lilelile kuanzia mwanzo, anayebadilika ni konda.

Kuna kitu kimoja tu kinachobadilisha jina juu ya boksi, nacho kinatugusa sana huku kwetu. Adresi za IP za mtindo wa zamani ziko bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima na zimeisha siku nyingi. Zile zinazoanza na 192.168 au 10 siyo za mtu, ziko kwenye mamilioni ya nyumba kwa wakati mmoja, na ruta za nje zikiziona zinazitupa. Kwaiyo ruta ya dukani ikituma paketi nje inafuta 192.168.1.10 inaweka adresi yake ya nje, inaandika kwenye daftari lake kwamba jibu likija kwenye poti namba fulani (hii siyo tundu la waya, ni namba inayoandikwa juu ya paketi) ni la kompyuta, likija kwenye namba ile ni la simu ya dada wa dukani. Na siku hizi makampuni mengi ya simu yanafanya hivyo mara ya pili, yaani hata adresi ya nje ya ruta yako siyo ya nje kweli, ukiona inaanzia 100.64 hadi 100.127 ujue uko nyuma ya daftari la kampuni, mnashirikiana adresi moja na wateja wengine wengi. Ndo maana ukiweka kamera ya ulinzi nyumbani ukitaka kuiangalia ukiwa safarini inagoma, kwa sababu we unaweza kutoka ila wa nje hana pa kuingilia, daftari halina mstari wake. Dawa ya kudumu ni IPv6, mtindo mpya wa adresi, ambayo adresi zake ni nyingi kiasi kwamba kila kifaa kinapata ya kwake halisi, na kwa kweli natamani watoa huduma wetu waikimbilie zaidi.

Sasa ruta inajuaje pa kupeleka? Hapa ndo ninapotaka msome taratibu. Ruta haijui njia nzima. Hakuna ruta yoyote duniani inayojua njia nzima ya paketi yako, na paketi yenyewe haijui. Kila ruta ina jedwali, na jedwali linasema tu adresi za kundi hili zipeleke mlango huu, za kundi lile mlango ule, na zile nisizozijua kabisa zipeleke kwa mkubwa wangu. Ruta ya dukani jedwali lake lina mistari miwili mitatu, zile kubwa za katikati ya intaneti zina mistari kama milioni moja. Ikikuta mistari miwili yote inafaa, inachagua ile inayotaja kundi dogo zaidi, yaani ukiniambia mzigo wa Mbeya mpe huyu na mzigo wa Mbeya Uyole mpe yule, wa Uyole anapewa yule. Kumbukeni hii sheria, ntairudia.

Kama hakuna anayejua njia nzima, ruta mbili zinaweza kukosea, ya kwanza ikasema peleka kwa wa pili na wa pili akasema peleka kwa wa kwanza, paketi ikazunguka milele. Waliotengeneza waliliona hilo, kila paketi ina namba ya uhai inaitwa TTL, kwa kawaida inaanza na 64 au 128, kila ruta inayopita inapunguza moja, ikifika sifuri ruta iliyopo inaitupa na inamrudishia mtumaji taarifa kwamba paketi yako imefia kwangu. Kutokana na hapo jamaa anaitwa Van Jacobson mwishoni mwa miaka ya 80 akatengeneza kitu kizuri sana, traceroute. Unatuma paketi yenye uhai wa 1 makusudi, inafia kwenye ruta ya kwanza, ruta ya kwanza inajitambulisha. Unatuma ya uhai wa 2, inajitambulisha ya pili. Hivyohivyo mpaka umeiona njia yote, kwa kuhesabu mahali paketi zako zilipofia.

Fanya mwenyewe, kwenye Windows andika tracert alafu jina la tovuti. Mi nikifanya dukani siku ya kawaida mstari wa kwanza ni 192.168.1.1 milisekunde 1 au 2. Mstari wa pili inaanza na 100, milisekunde 8. Wa tatu wa nne ziko kwa kampuni, bado tuko Dar, 10, 12. Alafu mstari mmoja unaruka ghafla kutoka 12 hadi 140. Hapo paketi imeingia baharini. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwaiyo kila kilomita 1,000 inakula milisekunde 5 kwenda na 5 kurudi na hakuna pesa ya kununua punguzo hapo, ukiona namba imeruka 130 unajua paketi imekwenda mbali. Kabla kebo za baharini za Seacom na TEAMS hazijafika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, tulikuwa tunapita setilaiti iliyo kilomita kama 36,000 juu, kwenda na kurudi ni zaidi ya nusu sekunde kwa kila neno, wale wa intaneti kafe za zamani mnakumbuka.

Nani anazijaza hizo ruta kubwa majedwali yao? Intaneti siyo kitu kimoja, ni mitandao zaidi ya 70,000 inayojitegemea, makampuni ya simu, vyuo vikuu, mabenki, kina Google, kila mmoja ana namba yake ya usajili, huku Afrika anayezigawa ni AFRINIC. Wanaambiana njia kwa lugha inaitwa BGP. Mwaka 1989 Kirk Lougheed wa Cisco na Yakov Rekhter wa IBM waliichora wakati wa chakula kwenye tishu za mezani, ilikuwa ya kuziba pengo kwa muda, na mpaka leo intaneti nzima imesimama juu yake. Kazi yake ni kutangaza. Mtandao mmoja unamwambia jirani, hizi adresi ni za kwangu, ukiwa na mzigo wake niletee. Jirani anamwambia jirani yake, hizi adresi zinafikika kupitia mimi kisha yule. Tangazo linasambaa dunia nzima kwa dakika chache, na kila mmoja anachagua njia kwa sababu zake, na mara nyingi sababu ya kwanza ni hela, nani nampitishia bure na nani ananilipisha, urefu wa njia unakuja baadaye. Ndo maana pia paketi za kwenda na za kurudi mara nyingi hazipiti njia moja, maana kila upande umechagua kwa hesabu zake.

Na lugha hii imejengwa juu ya kuaminiana. Februari 2008 serikali ya Pakistan iliagiza YouTube ifungwe nchini humo, na tarehe 24 Pakistan Telecom wakatangaza kwenye ruta zao adresi za YouTube kana kwamba ni za kwao, ili wa ndani wakiulizia wapelekwe shimoni. Tangazo likavuja nje kupitia mtoa huduma wao wa Hong Kong. YouTube walikuwa wanatangaza kundi la adresi 1,024, Pakistan wakatangaza kundi dogo la 256 ndani ya lilelile. Sasa kumbukeni sheria ya Uyole, kundi dogo linashinda. Ruta za dunia nzima zikaanza kupeleka YouTube Pakistan, na kwa kama saa mbili YouTube ikawa haifunguki sehemu kubwa ya dunia. Hakuna aliyevunja mfumo wowote, ruta zilitii jedwali. Na tarehe 4 Oktoba 2021 ikatokea kinyume chake, Facebook wakati wa matengenezo walijiondoa wenyewe, matangazo ya seva zinazotafsiri majina yao kuwa adresi yakafutwa, na Facebook, Instagram na WhatsApp zikapotea kwa saa kama sita, seva zilikuwepo zinawaka kama kawaida ila hakuna wa nje aliyeweza kuzifikia.

Sasa Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024. Kebo za EASSy na Seacom zote mbili zilikatika chini ya bahari, kwenye kipande cha kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Februari mwaka huohuo kebo kadhaa zilikuwa zimeshakatika Bahari ya Shamu, Seacom ikiwemo, kwaiyo upande wa kaskazini ulikuwa umeshaumia, na sasa kusini napo pameenda. BGP ilifanya kazi yake, matangazo yaliyopita kebo zile yakafutwa, ruta zikahamia njia zilizobaki. Tatizo ni kwamba BGP inajua kama njia ipo, haijui kama imejaa. Tangazo halisemi kuna foleni. Mzigo wa nchi kadhaa ukamiminika kwenye njia chache kama magari yote ya Morogoro Road yakitupwa kwenye kichochoro kimoja cha Manzese, njia ipo kweli, kupita ndo hupiti.

Ruta ikizidiwa haina uungwana, foleni yake ikijaa inatupa paketi. Hapa ndo kazi ya TCP, utaratibu wa kuhakikisha vipande vyote vinafika, ambayo inakaa kwenye simu yako na kwenye seva, siyo njiani. Inahesabu vipande, kisipothibitishwa inakituma tena, na ikiona vingi vinapotea inapunguza mwendo yenyewe. Hiyo ya kupunguza mwendo haikuwepo mwanzo. Oktoba 1986 kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California Berkeley, sehemu mbili ambazo hazifiki mita 400 kati yao, mwendo ulianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40, kwa sababu kila kompyuta ikiona paketi imepotea ilikuwa inarudia kutuma kwa nguvu zilezile na kuzidi kuziba njia. Aliyeandika dawa ni yuleyule Van Jacobson wa traceroute. Kwaiyo kale kaduara kalichokuwa kanazunguka kwenye simu ya kijana tusikalaumu, ilikuwa simu yake inatuma, inapoteza, inasubiri, inatuma tena taratibu, na simu za watu wote nchini zinafanya hivyohivyo ili angalau kila mmoja apite kidogo.

Jambo moja nililoliona siku zile na linaniuma mpaka leo. Kuna tovuti za hapahapa nchini zilikuwa zinanifungukia vizuri kabisa na nyingine hazifunguki kabisa wakati wenyewe wako Dar na wateja wao wako Dar. Tofauti ni wapi wameweka seva zao. Nyingine unakuta seva iko hapa lakini kompyuta yangu imewekewa kuulizia majina ya tovuti kwa seva za nje, kwaiyo inashindwa hata kujua adresi ya jirani. Na kuna suala la mitandao yenyewe kukutana. Kama kampuni A na kampuni B za Dar hazijaunganishwa hapa nchini, paketi ya kutoka ghorofa moja kwenda la mbele yake inaweza kwenda Ulaya ikarudi, kwa sababu majedwali yao yanakutania kule. Ndo maana kuna vituo vya kubadilishana, Dar tuna TIX, na Arusha kipo, ambapo makampuni yanaleta nyaya zao kwenye swichi moja wanapeana mizigo ya ndani moja kwa moja.

Wakenya walipigania sana hiki kitu. KIXP, kituo chao cha kubadilishana, ilifunguliwa Nairobi mwishoni mwa mwaka 2000, Telkom Kenya, ambao wakati ule ndo pekee walioruhusiwa kubeba mawasiliano ya kimataifa, wakalalamika, mdhibiti wa mawasiliano akakifunga ndani ya wiki mbili, na ikabidi wasubiri mpaka Februari 2002 kukifungua tena. Kwa vipimo vilivyofanywa baadaye, paketi ya ndani ya Kenya ambayo ilikuwa inachukua milisekunde 200 hadi 600 ikawa inachukua 2 hadi 10. Kufikia 2020 kama asilimia 70 ya data ya Wakenya ilikuwa inapatikana humohumo ndani, kutoka 30 mwaka 2012. Hakuna kebo mpya inayoweza kukupa hiyo, ni swichi chumbani na watu waliokubali kukaa meza moja. Wenye tovuti za huduma za watu wetu, hospitali, vyuo, maji, umeme, wekeni seva nyumbani jamani.

Kwa barua ya yule kijana lakini hata TIX isingesaidia, kwa sababu WhatsApp ni lazima ipitie seva za kule. Yeye yuko kwenye bando la simu, mi niko kwenye faiba ya kampuni nyingine, kwaiyo barua ilikuwa itoke Mwenge kwenye mnara wake, iende ng'ambo, alafu irudi kupitia kampuni yangu, yote hiyo ivuke meza moja.

Foleni ilipofika watu sita nikakumbuka kwamba tunachohitaji ni kuwa majirani. Nikampa neno la siri la waifai ya dukani, simu yake ikapewa 192.168.1.23. Kwenye kompyuta nikawasha kile kiprogramu kidogo cha kupokea mafaili, nikamwambia fungua kivinjari andika 192.168.1.10, usiandike kingine. Ukurasa ukafunguka hapohapo, akachagua faili, akabonyeza.

"Imeshafika?"

Nilikuwa nimeshaifungua. Kurasa mbili, nikazituma kwa printa.